Zaka ya Tarehe Moja, Mshahara wa Tarehe Kumi
Maswali ya wasomaji na majibu ya Mchungaji

Katika toleo lililopita niliwauliza wasomaji swali fupi: ni lini mara ya mwisho ulipojikuta ukiwa mnafiki? Barua zilizonifikia ni nyingi, na sehemu kubwa zinamhusu jirani, mchungaji, mama mkwe au mwenyekiti wa kwaya. Nimezisoma zote kwa shukrani, kisha nikateua nne ambazo waandishi wake, kwa namna moja au nyingine, walithubutu kujitaja wenyewe. Nimezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Nimeokoka miaka 19 iliyopita, na ni kiongozi wa ushirika wa akina mama wa kanisa letu hapa Umoja. Kila Alhamisi jioni akina mama hukusanyika kwangu kwa maombi. Alhamisi moja mwezi uliopita, wageni wakiwa bado sebuleni, nilikwenda jikoni kuchukua chupa ya chai, nikamsikia msichana anayenisaidia kazi za nyumbani akizungumza na dada yake kwa simu. Alisema: “Ngoja waondoke, ndipo mwenyewe atarudi.” Hakujua kwamba nilikuwa mlangoni. Nilirudi sebuleni nikaongoza wimbo wa kufunga, lakini tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Sijawahi kumpiga wala kumtukana. Najitahidi kumcha Mungu katika kila jambo. Zaka yangu huituma kanisani kwa M-Pesa tarehe moja kabla sijanunua hata unga, na hata ile miezi ambayo mshahara wa msichana huyu ulisogea hadi tarehe kumi kwa sababu ya karo, zaka haikuchelewa. Ila ni kweli kwamba sauti ninayoombea siyo ninayomwitia yeye. Je, mimi ni mnafiki? Na je, nisimame mbele ya akina mama nikatubu?

Mama wa watoto watatu, Umoja

JIBU: Mama, Bwana asifiwe sana. Nakujibu nikiwa na hofu kidogo, kwa sababu maneno ya msichana huyo yangeweza kusemwa jikoni kwangu.

Neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu hulitafsiri “mnafiki” lilikuwa jina la kawaida la mwigizaji wa jukwaani, ambaye zama hizo aliigiza akiwa amevaa kinyago. Msichana wako hakuhitaji Kiyunani ili kulisema jambo lilo hilo. Katika macho yake yuko mama wa sebuleni, anayekuja Alhamisi, na yuko “mwenyewe”, anayerudi wageni wakishafika langoni. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, jibu langu ni ndiyo, kwa kiasi fulani. Lakini sidhani kwamba umekuwa ukimdanganya mtu kwa makusudi, na hapo ndipo jambo hili lilipo na uzito kuliko tunavyolichukulia makanisani. Tumezoea kumfikiria mnafiki kuwa mtu anayejua ubaya wake na kuuficha. Watu wa namna hiyo wapo, nao ni wachache. Walio wengi ni wale ambao wameuamini wema wao.

Usome Luka 18, mstari wa 9, kabla ya kuuingia mfano wenyewe. Luka anasema kwamba Yesu aliutoa mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, wawili waliopanda hekaluni kusali, kwa watu “waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote”. Nalipenda sana neno hilo walilolichagua watafsiri wetu. Kukinai, kama ajuavyo kila aliyekula pilau ya harusi hadi sahani ya tatu, ni kushiba mpaka chakula kikuchushe. Aliyejikinai ameshiba nafsi yake mwenyewe, na tumboni mwake hamna tena nafasi ya tonge lolote kutoka kwa Mungu wala kwa mtu. Kisha tazama jinsi Luka anavyoyafunga mambo mawili kamba moja: kujikinai na kudharau. Hajasema kwamba baadhi yao walijikinai na wengine wakadharau. Lililo moyoni halionekani, lakini dharau huonekana, tena huonekana kwanza na wale walio chini yetu.

Yule Farisayo hakusema uongo hata kidogo. Torati iliwaagiza Israeli siku moja tu ya kuzitesa nafsi zao kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma. Alitoa zaka katika mapato yake yote. Angekuwa mshirika wetu tungemfanya mweka hazina, na pengine tungefanya vyema. Kilichoiharibu sala yake ni neno dogo ambalo huwa tunalisoma tukiwa mbioni: “wala kama huyu mtoza ushuru”. Huyu! Yaani alikuwa katikati ya kuzungumza na Mungu, jicho likamtoka pembeni, likampata mtu wa kujipima naye. Mimi, nikitaka kujua hali yangu, sijiulizi tena nimeomba kwa muda gani. Hujiuliza “huyu” wangu wa juma hili ni nani. Kwako wewe, Mama, nadhani msichana huyo hakuwa hata na heshima ya kuwa “huyu”. Alikuwa mtu anayeleta vikombe.

Sasa niruhusu niguse sentensi moja ya barua yako, ambayo nadhani uliiandika ili kujitetea. Ulisema mshahara ulisogea hadi tarehe kumi, lakini zaka haikuchelewa. Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Katika Mathayo 23:23 Yesu anawaambia waandishi na Mafarisayo kwamba walilipa zaka za mnanaa na bizari na jira, wakaacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, na rehema, na imani. Kumbukumbu la Torati liliitaja zaka ya nafaka, divai na mafuta, mazao ya shambani. Hawa waliishusha hadi kwenye viungo vya jikoni, na mtu anaweza kuwaona wameketi wakihesabu majani ya mnanaa, tisa huku, moja kule. Yesu hakuwakataza. Alisema hayo nayo walipaswa kuyafanya. Lakini torati hiyo hiyo iliyoagiza zaka ndiyo iliyoagiza kwamba ujira wa mtu wa mshahara usilale kwako hata asubuhi, katika Walawi 19:13, na kwamba alipwe siku yake kabla jua halijachwa, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo, katika Kumbukumbu la Torati 24:15. Yakobo naye anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Karo ilikubana, najua. Inambana kila mzazi wa jiji hili mwezi wa Januari, wa Mei na wa Agosti. Ila alipotakiwa mtu wa kusubiri, hukumwambia Mungu asubiri, wala mwenye nyumba, wala shule. Ulimwambia yule ambaye hangeweza kukataa. Naye siku tisa zile huenda alikuwa na mama kijijini anayetazama simu.

Kuhusu kusimama mbele ya akina mama, nakusihi usianzie huko. Mimi nimelelewa na wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda na kule Uganda katika miaka ya 1930, ukafika kwetu Kenya na mkutano wa Kabete mwaka 1937. Ndio waliotuachia neno “mlokole”, kutoka Kiganda, yaani aliyeokolewa, na ndio waliotufundisha kutembea nuruni. Maana yake kwao ilikuwa wazi: dhambi inatajwa kwa jina lake, na aliyeiba jembe la mwajiri anamrudishia jembe. Sijaona dawa ya unafiki inayoishinda hiyo. Lakini nimeona pia jinsi dawa inavyogeuka. Nilikuwako mtu aliposimama kutoa ushuhuda wa toba ambao nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, na katika miaka hiyo yote ulikuwa umenolewa na kupambwa hadi tukajua ni wapi atalia na ni wapi sisi tutaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Dhambi yake ya ujana ilikuwa imekuwa cheo. Toba nayo hupata jukwaa, Mama, na kiongozi anayelia mbele ya ushirika wake anaweza kwenda zake amesifiwa kwa unyenyekevu, huku aliyekosewa akiosha vyombo.

Kwa hiyo anzia jikoni. Tarehe moja inayokuja mlipe kwanza, na kama kuna siku ulizomkalisha, mwambie kwamba zilikuwa deni na kwamba ulikosa. Usiseme “kama nimekukosea”, taja. Mwambie ulimsikia, lakini usimwambie kwa namna ya kumtisha kwamba kuta zina masikio. Usimtake aombe pamoja nawe papo hapo, kwa maana mtu anayelipwa nawe hawezi kukataa maombi yako. Tena usimsimulie habari hii kwa akina mama bila idhini yake, kwani ni habari yake pia. Na umwangalie kikombe chake. Katika nyumba nyingi za mtaa wetu kuna vikombe vya kabati la kioo, na kuna kimoja cha plastiki chenye mpini uliokatika, ambacho kila mtu anajua ni cha nani. Sijui kama ni hivyo kwako. Nauliza tu.

Nisije nikaonekana nafundisha kutoka mlimani, nikusimulie langu. Tuna kikundi cha WhatsApp cha maombi ya alfajiri, na mwaka jana nilikuwa na zamu ya kuwaamsha watu saa kumi na nusu. Zipo asubuhi nilizotuma andiko nikiwa ndani ya blanketi, nikalala tena, na saa moja nikaandika kwamba tumekuwa na wakati mzuri mbele za Bwana. Asubuhi moja niliona ujumbe mrefu wa ndugu mmoja, nikajibu bila kuusoma: “Amina, tunapokea kwa imani.” Ulikuwa ujumbe wa kututangazia kifo cha baba yake. Hadi hapo ungeweza kuniita mzembe. Unafiki ulifuata. Nililifuta jibu langu haraka, nikampigia simu, nikamwambia kwamba nilikuwa nikijibu ombi la mtu mwingine lililokuwa juu ya lake. Alinyamaza kidogo, akasema, “Sawa, Mchungaji.” Zilipita wiki tatu kabla sijamwambia ukweli, na nilimwambia tukiwa kituo cha matatu, makondakta wakipiga mabati na kuita abiria, kwa sababu ndani yangu nilitamani asisikie vizuri. Alisikia.

SWALI: Mchungaji, hujambo? Mimi ni kijana wa miaka 26. Niliacha kwenda kanisani miaka miwili iliyopita. Nilichoka kuona mwanasiasa akiingia ibada ikiwa katikati, akipewa kipaza sauti, akitoa bahasha, nasi tukiambiwa tumpigie Bwana makofi. Nilichoka kuona watu wanaojulikana mtaani kwa ulaghai wakiketi viti vya mbele. Sasa Jumapili nasoma Biblia chumbani kwangu, na nina amani kuliko wakati wowote. Angalau mimi sijifanyi. Kuna ubaya?

Kijana, Kasarani

JIBU: Kijana wangu, sijambo. Sitakuambia kwamba uliyoyaona hukuyaona. Wala si wewe peke yako uliyekerwa: Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari kuzungumza katika makanisa yake, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza zirudishwe fedha ambazo viongozi wa kisiasa walikuwa wametoa hadharani katika parokia ya Soweto. Makanisa hayafanyi mambo kama hayo pasipo kero. Yesu alisema utoapo sadaka usipige panda mbele yako, na kipaza sauti ni panda yenye umeme.

Lakini turudi kwenye barua yako, maana ina maneno matatu yaliyonishtua: “Angalau mimi sijifanyi.” Yaweke kando ya sala ya yule Farisayo, “nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine”, halafu uniambie kama unaona tofauti kubwa. Yeye aliwashukia watoza ushuru. Wewe umewashukia Mafarisayo. Chumba chako kina “huyu” wake, tena wengi, na kiti chako cha mbele umekiweka humo humo ndani. Nasema haya bila kukucheka. Ni mtego ambao mfano wenyewe unatutegea: hakuna anayeumaliza kuusoma bila kushukuru kimoyomoyo kwamba yeye si kama Farisayo huyu, na akishashukuru hivyo amekwisha kukamatwa.

Tena Mafarisayo tumewaonea kidogo katika mahubiri yetu. Walikuwa watu wengi wa kawaida, si makuhani, waliotaka sheria ya Mungu iishi mezani na sokoni na siyo hekaluni tu. Yesu alikula nyumbani kwao. Luka anazitaja karamu tatu, katika sura ya 7, ya 11 na ya 14. Ni baadhi yao waliomwonya kwamba Herode anataka kumwua. Nikodemo, aliyekuja na manemane na udi kama ratili mia kwa maziko ya Bwana, alikuwa mmoja wao, na Paulo alisema mbele ya baraza, tayari akiwa mtume, kwamba yeye ni Farisayo, mwana wa Farisayo. Maneno makali ya Mathayo 23 yaliambiwa kundi la watu waliokuwa karibu na ukweli kuliko wengi. Hilo linapaswa kututia hofu sisi tunaosoma Biblia kila siku, wewe chumbani na mimi ofisini.

Wala amani uliyoipata sina nia ya kuidharau. Ila nakuuliza: chumbani ni nani anayekuambia kwamba umekosa? Mtu aketiye peke yake hana wa kumkanyaga mguu, basi atajuaje kama ana hasira? Yesu aliijua sinagogi vizuri kuliko wewe ulivyolijua kanisa lako, akaliona lililooza ndani yake, na bado Luka 4 inasema aliingia siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Kama kanisa ulilolitoka halirekebishiki, Nairobi ina makanisa. Tafuta dogo, lenye watu wasiokupendeza sana, na uwaambie mapema kwamba ukiona bahasha hadharani utauliza. Usipoulizia, nitajua ulichochoka si bahasha.

SWALI: Mchungaji, amani iwe nawe. Mimi ni mzee wa kanisa huku Dagoretti. Mwenzangu anasimamia kamati ya ujenzi, na kwa miezi mingi hatujaona risiti za saruji wala za mbao. Kila ninapotaka kusema, nakumbuka kwamba miaka minne iliyopita, mke wangu alipolazwa, nilichukua shilingi 40,000 za mfuko wa maendeleo niliokuwa nikiutunza, nikazirudisha baada ya miezi miwili. Hakuna anayejua hadi leo. Nafsi inaniambia, “Msihukumu, msije mkahukumiwa.” Basi nanyamaza. Nimefanya vyema?

Mzee, Dagoretti

JIBU: Mzee mwenzangu, hapana.

Mstari huo unaoukumbuka ni wa Mathayo 7, na tumeugeuza kuwa kufuli la midomo. Endelea kusoma hadi mstari wa 5. Yesu anazungumza habari ya kibanzi na boriti. Hapa bara wengi hatuijui boriti. Ni ile miti ya mikoko iliyokuwa ikikatwa Lamu na kusafirishwa kwa majahazi ili kubeba dari za nyumba za pwani na za Uarabuni. Kibanzi ni kijipande kinachobanduka kwenye mti kama huo. Nyote wawili, kwa maneno mengine, macho yenu yana mti. Lakini Yesu hasemi kibanzi kiachwe ndani ya jicho la ndugu. Anasema itoe kwanza boriti, ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi. Aliyenyamaza ameviacha vyote viwili mahali pake, kisha akajiita mpole.

Kwa hiyo kuna mpangilio. Nenda kwa mchungaji wako na mweka hazina, wiki hii, uwaambie ulichofanya, kiasi, mwaka, na tarehe uliyorudisha kama unaikumbuka. Huenda ukavuliwa uzee. Ikiwa hivyo, pokea. Kuzirudisha kulikuwa kwema, lakini uliazima bila kuomba fedha za watu waliokuamini, na hali ya mke wako, ambayo ingemlainisha mtu yeyote, ndiyo inayoonyesha kwamba ungeweza kuomba na ukapewa. Niseme kweli: nadhani hukuomba kwa sababu ulitaka kubaki yule mzee ambaye hana shida. Kisha, ukiwa umekwisha kusema, mwendee ndugu yako faraghani kama Mathayo 18 inavyoagiza, umweleze uliyoyakiri, umwombe risiti. Asiposikia, mchukue mtu mwingine mmoja au wawili, halafu lifike kanisani. Pendekezeni hesabu zote zikaguliwe na mtu asiye wa kwenu, ikiwemo ya mfuko uliokuwa nao.

Naona swali lingine linanyemelea: je, kudai risiti si ndiko kufanya mambo ili tuonekane na watu? Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa Yerusalemu alitaka wajumbe waliochaguliwa na makanisa wafuatane nao, akaeleza katika 2 Wakorintho 8 kwamba wanaangalia yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Sadaka yako ifiche. Hesabu za sadaka za wengine zianike. Sielewi ni vipi makanisa mengi yamefaulu kufanya kinyume chake.

Paulo huyu ndiye aliyempinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, Wagalatia 2. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipofika wageni kutoka kwa Yakobo akajitenga, naye Barnaba, mtu mpole kuliko wote, akachukuliwa na unafiki wao. Alisemwa mbele ya wote, kwa kuwa alikuwa amekosea mezani mbele ya wote. Lakini yeye huyo Paulo anawaandikia Wagalatia hao hao, sura ya 6, kwamba aliyeghafilika arejezwe upya kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake asije akajaribiwa yeye mwenyewe. Wewe umekwisha kujaribiwa na ukaanguka, kwa hiyo, ukiisha kukiri, una upole ambao mzee asiye na doa hangekuwa nao. Utamwendea ukijua jinsi shilingi 40,000 zinavyoweza kuonekana kuwa zako saa nane za usiku katika ukumbi wa hospitali.

SWALI: Mchungaji, mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili, kanisa moja la Buruburu. Mama yangu alifariki mwezi wa Machi. Tangu hapo naimba lakini moyoni ni pakavu, sihisi lolote. Mwalimu wetu wa kwaya anasema tutabasamu tunapoimba, na kwamba anayemwimbia Mungu bila furaha anamdanganya Mungu. Je, niache kwaya hadi moyo urudi?

Mwanakwaya, Buruburu

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba.

Mwalimu wako ana nia njema, lakini amechanganya vitu viwili. Mnafiki hutaka watu waone kile ambacho hataki kuwa nacho. Wewe unakitaka, huna, na bado umekuja mazoezi ya Jumamosi. Mwenye Zaburi ya 42 anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama, na anaiambia imtumaini Mungu, kwa kuwa atakuja kumsifu tena. Anasema “atakuja”, maana siku hiyo hakuwa akiweza. Na katika Mathayo 21 Yesu anataja wana wawili waliotumwa shambani: mmoja akasema “naenda, Bwana”, asiende; mwingine akasema sitaki, baadaye akatubu akaenda. Hatuambiwi kama alilima kwa furaha.

Usiache kwaya, ila na tabasamu usilazimishe. Hilo ndilo lingekuwa kinyago. Mwambie mwalimu wazi kwamba mama alifariki Machi na kwamba uso wako kwa sasa hauwezi, na kama akiona vigumu mbele ya waumini, muombe akusogeze mstari wa nyuma, karibu na sauti ya tatu, ambao kwa uzoefu wangu huwa hawaombwi kutabasamu.